Imefika Wapi, na Inatembea Namna Gani

Mama mwenye unasoma hii, kama mutoto wako iko na tumbo lenye linamukamata na kumuachilia, leo analia, kesho anapiga muluzi, usiseme haraka «njo amibe», vile vidudu vya maji machafu. Sisi tulisema vile miaka na miaka. Kalemie muzima inasema vile. Muntu akihara, amibe. Akikonda, amibe. Akikataa bukari ya mama mukwe wake, tena amibe. Na kama siku moja munganga anakuambia ugonjwa umefika pahali pabaya, usitoke ndani ya biro yake na neno moja tu. Kuna la pili, na nitakuambia namna gani hilo la pili lilitaka kutupita.

Mutoto wangu Germain alikuwa anafanya kazi ku bandari, anapima uzito wa mizigo yenye kutoka Kigoma. Alikuwa muntu muzima, ameoa Emérance, mutoto wa watu wa reli, wanakaa nyuma ya nyumba yangu. Baba yake alikwisha kufa, amezikwa kwao Zongwe, kule pembeni ya ziwa, njia ya Moba. Kwa hiyo mukubwa wa jamaa alikuwa Papa Ignace, kaka ya marehemu bwana yangu. Papa Ignace siyo muntu mubaya. Naomba usisahau neno hilo ukisoma yenye inakuja.

Tumbo lilikuwa linamushika Germain kisha kula. Bukari na mboga ya sombe vinashuka, tunaongea, tunacheka, halafu anakunjama, anashika upande wa kuume chini ya kitovu, jasho linatoka. Anaenda inje, anahara maji. Kesho asubui ni muzima, anaenda kazi. Tulimupa vidonge vya amibe vya sokoni. Papa Ignace alileta maganda ya muti toka Zongwe, tukayatokotesha, tukamupiga na ile poire ya mupira yenye kuingiza dawa kwa nyuma, maji yakatoka, tukasema: sasa imetoka yote. Haikutoka.

Na kulikuwa jambo lingine, lenye sisi wote tulikuwa tunachekea. Germain akikunywa bia nusu glasi, uso unawaka. Ngozi yetu haionyeshi kitu haraka, lakini yeye alikuwa anageuka rangi ya tofali lenye kutoka mu tanuru, mupaka ku shingo, macho mekundu, na ukiweka mukono ku shavu lake utautoa. Kisha dakika kidogo inapita, anarudi sura yake.

Wenzake wa bandari hawakumuachilia.

— We Germain, umekunywa chupa ao umekunywa pipa?

— Nimeonja tu, bandugu.

— Emérance akikuona hivi atasema tulikupikia ndani ya pombe ya lotoko!

Mwisho ikaanza kumuwaka hata bila bia. Siku moja mu misa padri anahubiri juu ya watu wenye kuiba mali ya wengine, na Germain, ku benchi ya mbele, uso pwaa! kama makaa. Watu wanamuangalia, wanaangalia padri, wanamuangalia tena. Emérance alitoka kanisani na hasira.

— Mama, watu watasema bwana yangu anaiba magunia ya bandari.

— Waseme. Magunia anaweka wapi, mu nyumba yenu yenye hata mbuzi haiwezi kugeuka?

Tulicheka. Hatukujua tunachekea nini.

Mwaka mumoja, wakati wa jua, tumbo lilimukamata ku kazi na halikumuachilia. Lilivimba, akatapika mupaka maji ya kijani. Wenzake walimuweka ku pousse-pousse ya kubebea magunia wakamusukuma mupaka lopitali. Munganga alikuwa Dokta Kalenga, kijana wa Manono, angali mupya mu muji wetu. Alimugusa, akasema labda ni appendicite, kile kidole cha tumbo, akamuingiza kumupasua. Tulikaa inje na Emérance, tunasali rozari, tunapotea hesabu, tunaanza upya.

Sasa lazima nikueleze desturi yetu, sababu hapo njo tulitaka kupotelea. Kwetu mugonjwa hasikii jina la ugonjwa wake. Munganga anaita wanaume wa jamaa, mulango unafungwa, anawaambia. Wanatoka wakiangalia viatu vyao. Kwa mama na bibi wanasema nusu. Kwa mugonjwa wanasema: utapona, unahitaji tu hewa ya kwenu.

Papa Ignace alitoka. Alipangusa kwanza uso na kofia yake.

— Mama Germain, ni kansere. Walimufungua, wakaikuta, wakamufunga. Imefika ku ini.

— Na munganga alisema tena nini?

— Kisha ini, kuna nini tena ya kusema?

Emérance alianguka chini. Mimi nilibaki nimesimama, na sikulia. Nilikuwa nafikiri: muntu wa masomo yote yale, ataongea na wanaume nusu saa nzima mulango umefungwa, aseme maneno mawili tu? Haiwezekane.

Na kuna desturi ya pili, ya watu wa pembeni ya ziwa. Boti haipakie maiti. Wenye boti wanasema injini itazima katikati ya maji. Na hata kama mwenye boti haamini, abiria watashuka wote na mizigo yao. Njo sababu muntu wa Zongwe ao wa Moba akikatiwa tumaini huku Kalemie, wanamupakia angali anapumua, akalale karibu na wazee wake. Na sababu kule mbao nzuri ni za kutafuta sana, wanapakia na mbao za sanduku la kumuzikia. Wanazipanga chini ya boti, wanaweka godoro juu, wanamulaza mugonjwa juu ya godoro. Akiuliza, wanamuambia ni mbao za mulango.

Nilijua kama Papa Ignace atafikiri boti. Kila muntu wa kwetu angefikiri boti.

Asubui yenye kufuata nilienda ku mulango wa Dokta. Infirmier, musaidizi wake, alinizuia.

— Citoyenne, munganga alishaongea na wanaume wenu.

— Wanaume wetu hawakumuzaa. Nitakaa hapa.

— Hapa ni njia ya watu.

— Watanipita.

Nilikaa chini, miguu nimeinyoosha, na watu walinipita kweli, wengine wakinikanyaga kikwembe. Dokta Kalenga alitoka, akaniona, akaanza kucheka bila kutaka.

— Mama huyu ni wa nani?

— Wa Germain, yule mulimufungua mukamufunga.

Kicheko kikaisha. Akaniingiza. Nilimuambia: Dokta, mimi nilifika ya sita primaire, siyo zaidi. Sema polepole, lakini sema yote. Imefika wapi, nimesikia. Unionyeshe.

Akachukua mupira wa serumu, wenye kupitisha maji ya dawa ku mushipa, akaunyoosha juu ya meza.

— Fikiri hii ni utumbo mwembamba, wenye chakula inapita. Hapa, karibu na mwisho, kitu kilizaliwa. Kadogo, kama punje ya haragi. Kama ingebaki ndani ya ukuta wa utumbo, ningekata, ningeshona, ningekuambia usirudi tena hapa. Njo hatua ya kwanza. Ikitoboa ukuta, ya pili. Ikiingia mu vifundo vyenye viko nyuma ya utumbo, ya tatu. Na ikifika mule inafanya kitu kibaya sana: inavuta utumbo, inaukunja, kama muntu mwenye kukaza kamba ya mufuko.

Aliukunja ule mupira na vidole, maji yenye ilikuwa ndani yakasimama.

— Njo maana alitapika, nikasema.

— Njo maana. Sikukuta appendicite, nilikuta hii. Nilikatakata mikunjo kidogo, chakula kipite, lakini dawa ya usingizi ilikuwa inaisha na damu ya kumuongezea haikukuwa, nikafunga. Sasa hatua ya mwisho ni ini. Na ku ini nimeona madoadoa, kwa pande zote mbili. Hayo nilimuambia Papa Ignace.

— Basi ya mwisho njo kufa.

— Mama, ya mwisho njo pahali. Mwendo bado sijakuambia. Papa Ignace aliposikia «ini» alisimama akatoka. Nilikuwa ningali naongea.

Nilishika pembe ya meza. Akaendelea:

— Kuna kansere yenye ikifika ku ini, muntu anamaliza miezi kidogo. Kama ni hiyo, Papa Ignace iko na haki, mumupeleke kwao. Lakini kuna ingine. Nimetuma kipande Lubumbashi wakiangalie na mikroskopi. Niambie: tumbo lilianza lini?

— Mbele aoe. Na mutoto wao wa kwanza anasoma sasa.

— Unaona? Ya mbio haingoje vile. Na kuna kitu kingine, mbali na tumbo?

— Hapana. Ni uso tu, na hiyo ni mambo ya bia.

— Uso wa namna gani?

Nikamueleza. Tofali, tanuru, padri, magunia. Niliona anaweka kalamu chini.

— Kwa nini hakuna muntu aliniambia?

— Hakuna aliuliza. Na sisi tulikuwa tunacheka.

Akaniambia jina: carcinoïde. Alisema hiyo kitu, ikifika ku ini, inamwaga maji yake ndani ya damu, na maji hayo njo yanawasha uso na kuharisha. Kwa hiyo uso wa Germain ulikuwa unatuambia, mbele ya kila muntu, kanisani na ku bandari. Alisema mara nyingi inatembea kama kinyonga. Wengine wameishi nayo ku ini miaka mitano, wengine kumi, wanafanya kazi, wanazaa. Wengine miaka miwili. Hawezi kuapa, hata munganga wa Ulaya hawezi kuapa.

— Lakini sikia muzuri, Mama. Chenye kitamuua kwanza siyo ini. Ni ile kamba yenye kukunja utumbo. Itaziba tena. Ikiziba Kalemie, niko, nitakata. Ikiziba Zongwe?

Nilijua Zongwe kuna nini: kuna dispensaire yenye kufunga vidonda, na kuna makaburi ya wazee.

Nilimuambia Papa Ignace yote, siku ile ile, uwanjani kwangu. Alinisikiliza na adabu. Kisha akasema:

— Muke wa ndugu yangu, waganga wanapenda kisu kama vile mimi napenda samaki ya ndavu. Walimufungua mara moja, umeona. Unataka wamufungue tena wamufunge tena?

— Tungoje jibu la Lubumbashi.

— Kifo hakingoje Lubumbashi.

Tulingoja hata hivi, kidonda cha Germain kipate kukauka. Jibu lilikuja kwa phonie, ile redio ya kuongea ya mapadri. Dokta alituma muntu kuniita, nikakimbia na unga ingali ku mikono. Alikuwa anasimama ku baraza.

— Ni yenyewe, Mama. Na wanasema ni ya polepole. Wanaume watafutwe watoe damu, wiki hii nimupasue.

Niliingia chumba cha wagonjwa kumuambia Emérance. Kitanda kilikuwa kitupu, Emérance anakunja shuka.

— Papa Ignace alikuja na vijana, wakamubeba. Amesaini karatasi ya kumutoa. Anasema boti ya Papa Cyrille inaondoka leo, ingine haijulikane lini.

— Na Germain alisema nini?

— Alisema asante. Anafikiri anaenda kupumuzika.

Kutoka lopitali mupaka kando ya ziwa ni mushuko. Nilishuka siangalie magari. Viatu vya plastiki vilinitoka, nikaviacha. Nilikuwa nasema ndani ya roho: injini ikatae. Mara moja mu maisha yangu niliomba injini ya muntu ikatae.

Haikukataa, lakini Papa Cyrille alikuwa angali anapanga magunia. Wanamuke walikuwa wanaanika samaki ndogo za ndakala ku muchanga. Boti ilikuwa mu maji ya magoti, na ndani, katikati, Germain amelala ku godoro, mukono juu ya kidonda, anatabasamu. Papa Ignace anakaa ku kichwa chake na mwavuli, anamukingia jua. Nilikuambia siyo muntu mubaya.

Niliingia mu maji na kikwembe changu chote.

— Mama, umekuja kuniaga! Germain akasema. Usilie, ni kupumuzika tu. Baba mukubwa anasema hewa ya Zongwe…

— Germain, umelala juu ya nini?

— Godoro.

— Na chini ya godoro?

— Mbao. Baba mukubwa anatengeneza mulango.

Papa Ignace alisema kwa sauti ya chini:

— Mama Germain, rudi inchi kavu. Usilete fujo mbele ya watu.

— Papa Ignace, nyumba yako iko na milango mingapi? Mutoto wa dada yako, Adalbert, ulimupeleka na mbao za mulango. Mama yako mukubwa, mbao za mulango. Nyumba gani hiyo, yenye milango kushinda lopitali?

Mwanamuke mumoja wa ndakala alicheka kwa nguvu, akashika kinywa. Papa Cyrille aliacha gunia, akageuka kuangalia maji. Yeye alikuwa anajua. Boti nzima ilikuwa inajua. Na Germain, ambaye si mujinga, alianza kupapasa na vidole pembeni ya godoro, akishika mbao moja, akishika ya pili.

Hapo njo nilivunja desturi. Nilisema kwa sauti, kila muntu asikie:

— Mwanangu, hizo siyo za mulango. Uko na kansere mu utumbo. Imefika ku ini.

— Umemuua! Papa Ignace akapiga kelele. Umemuua na kinywa chako!

— Kimya kwanza! Sijamaliza. Wewe njo hukungoja munganga amalize, mimi utaningoja.

Uso wa Germain uliwaka. Mara hii hakuna aliyecheka. Rangi ile ya tofali ilipanda toka kifua mupaka paji, machozi yakatoka, sijui ya kulia ao ya moto. Nilingoja ipite.

— Ku ini, Mama?

— Ku ini. Madoadoa. Lakini jibu la Lubumbashi limefika leo, ni ile ya polepole, imetembea ndani yako tangu mbele ya ndoa na hukuijua. Chenye kitakuua mbio ni utumbo. Unajua muto Lukuga, vile muchanga na majani vinajaa pale inapotoka mu ziwa, maji inasimama? Tumbo lako njo hivyo. Dokta anaweza kuchimba, maji ipite. Madoa ya ini yatabaki.

— Na yakibaki, nitaishi miaka mingapi?

Nilitaka kusema kumi. Mungu ananiona, kumi ilikuwa ku ulimi wangu.

— Hakuapa. Alisema labda mingi, labda miwili. Lakini Zongwe hakuna hata labda.

Papa Ignace alishuka mu maji, akasimama karibu yangu. Hasira ilikuwa imemutoka.

— Na akifia ku meza ya kisu? Boti gani itamupakia? Atazikwa hapa pembeni ya reli, kati ya watu hatujui majina yao, na baba yake anamungoja kule? Nitamuambia nini ndugu yangu?

Hilo lilikuwa neno la kweli, na sikulicheka. Mimi pia nimelifikiri.

— Akifia hapa, nitamuzika hapa, na mimi mutanizika karibu naye, asilale na wageni. Na ndugu yako mwambie ni mimi nilikataa. Kama baba yake alimungoja muda wote huu, anaweza kungoja tena.

Maji ilikuwa inapiga boti kidogo kidogo. Kisha Germain alijisukuma na kiwiko, akakaa.

— Papa Cyrille, nipe mukono.

— Wa kukulaza muzuri ao wa kukushusha?

— Wa kunishusha.

Papa Cyrille alimushusha kama muntu anashusha yai. Emérance alikuwa amefika, akamushika upande mumoja, mimi ule mwingine. Papa Ignace aliingia mu boti bila kuangalia nyuma, na boti ikaenda na mbao zake.

Kupanda ule mulima tulisimama mara nyingi. Karibu na lopitali Germain alisema:

— Mama, kama ungekaa kimya, ningekufa nikisema asante.

Sikujua ni lawama ao ni nini.

Damu ilitoka kwa kaka ya Emérance na kwa wale wachekaji wa bandari. Walikuja kikundi, harufu ya samaki na ya mafuta, infirmier akawafukuza waoge kwanza. Mumoja alimuambia Germain:

— Sasa utakuwa na damu ya walevi wa kweli. Uso wako utawaka mupaka Kigoma waone, waseme taa ya bandari imerudi.

Dokta alimupasua kwa muda murefu sana. Alipotoka sikumuuliza kama ni muzima. Niliangalia miguu yake, kama inakuja upande wetu mbio ao polepole. Ilikuja sawasawa. Na alipoongea, siku Germain alipata nguvu, nilifungua mulango wa chumba nikauacha wazi, tukasikia wote, na mugonjwa mwenyewe wa kwanza.

— Nimetoa kipande cha utumbo pamoja na kile kifundo chenye kuvuta. Nimeunganisha. Ku ini, doa moja la pembeni nimelitoa, mengine yamebaki. Germain, sikuambie umepona.

— Nimesikia, Dokta.

— Uso utaendelea kuwaka. Achana na bia na pilipili. Kila miezi kidogo uje niguse ini. Tutajua inatembea namna gani kwa kuiangalia, siyo kwa kuiota.

Hiyo ni miaka sita sasa. Germain alirudi ku bandari, wakamupa kazi ya kukaa. Emérance alizaa Agnès, mwenye kelele, mwenye kushika uso wa baba yake ukiwaka na kusema «Papa, moto!» na kupuliza. Papa Ignace alikaa muda murefu haongei na mimi. Wakati alianza kuongea, aliniletea ndavu za moshi, akasema chumvi imepanda bei. Nikajua tumepatana.

Usifikiri nimekuandikia kusema kila muntu atapona akikataa boti. Jirani yangu Mama Bertille alikuja mwaka jana analia, bwana yake Bonaventure iko na kansere, imefika ku mapafu, jamaa wanatafuta boti ya Moba. Nilivaa, tukaenda wote na mugonjwa mwenyewe, nikasema kwa Dokta: imefika wapi tumesikia, sasa sema inatembea namna gani. Dokta aliangalia dirisha. Akasema: mbio, Mama. Bonaventure alisimama, akashukuru, akaenda sokoni yeye mwenyewe kuchagua mbao zake. Alikataa mbili zenye kujipinda. Alikufa kwao, kisha wiki chache, ameaga kila muntu. Na hiyo pia ni bora kuliko mulango wa uongo.

Mimi naogopa kila siku. Germain akiacha kula katikati, mimi nasimamisha kijiko. Mwaka huu, mbele ya Pasaka, Dokta alimugusa, akakawia zaidi na vidole vyake, akasema: ini limevimba, limeshuka kidogo, kansere imesonga. Germain akauliza mbele yangu, mimi sijafungua kinywa bado:

— Imesonga namna gani?

— Bado siyo mbio.

— Basi kesho nafanya kazi.

Siku ya Pasaka yenyewe Papa Ignace alikuja kula kwetu. Kisha kula aliuliza, na sauti ya muntu mwenye kugusa kidonda cha mwingine:

— Mutoto wangu, na siku ikifika?

Germain alikuwa anamulisha Agnès, anatoa miiba mu samaki, anaweka nyama mu kinywa chake.

— Baba mukubwa, nitasema mimi mwenyewe: pakieni. Nitapanda na miguu yangu, na Zongwe nitafurahi kulala karibu na Papa. Mbele ya hapo, muntu asinibebe.

— Nimesikia.

— Na Mama asikimbie tena bila viatu.

— Viatu gani, nikasema. Vile viliibwa siku ile ile.

Walicheka wote. Agnès alitaka samaki tena, na baba yake akainama kutafuta pahali penye hakuna muiba.